Mnyoo Aliyekula Sinia la Taifa

Iko nchi moja ambayo mimi sijafika, na wewe msomaji nakuombea usije ukafika, kwa hiyo lolote utakalolisoma hapa usinitazame kwa jicho la pembe. Nchi yenyewe kwa sasa haina jina. Ilikuwa nalo, lakini Kamati ya Kubadili Jina ilipokwisha kulifuta la zamani ilikwenda kula kwanza kabla ya kuchagua jipya, na kamati za nchi ile zikishaketi kula haziinuki upesi.

Kuna desturi moja huko inayoheshimiwa kuliko Katiba, nayo ni desturi ya Sinia. Mtu akishamega tonge katika sinia la Mkuu wa Nchi, basi huyo amekuwa mtu wa nyumbani: hafukuzwi, hashitakiwi, haguswi. Enzi za mababu desturi hii ilimlinda mgeni mwenye njaa asije akadhuriwa na watu waliomlisha. Siku hizi wageni wenye njaa hawafiki mezani, maana Ikulu ina geti, na waliobaki kulindwa ni mawaziri. Ndiyo sababu waziri wa nchi ile haapishwi kwa kitabu, anaapishwa kwa wali. Analetwa mbele ya Sinia Kuu la Taifa, sinia la shaba ambalo mtoto anaweza kulala ndani akajinyoosha, anamega tonge, anameza, watu wanapiga makofi. Kuanzia hapo hata akilihamisha daraja la mto akalipeleka shambani kwake, litakalolaumiwa ni daraja, kwa kuhama bila kibali.

Aliyekula kabla ya wote katika sinia hilo alikuwa Kitwana Malembo, Mwonjaji Mkuu wa Taifa. Kitwana alikuwa na tumbo la heshima, joho la kijani lililofika chini, na kijiko cha fedha kilichoning'inia kifuani mahali ambapo wanajeshi hubandika nishani. Kwa hesabu zake mwenyewe, wa kwanza nchini alikuwa Mkuu, wa pili Sinia, wa tatu yeye. Kila mchana alichota, akatafuna, akafumba macho, huku Afisa Itifaki akimchungulia kuona kama anaanguka. Asipoanguka, alipaza sauti: "Chakula kina adabu!" Hapo Baraza zima la Mawaziri lilikunja mikono ya kanzu na makoti, na ungedhani ni watu waliotoka kulima.

Nikwambie na jambo jingine, maana bila hilo hadithi haitembei. Ndani ya uzio wa Ikulu ile anayevaa viatu ni Mkuu peke yake. Wengine wote, waziri kwa mtumishi, mama kwa mtoto, wanakwenda peku kwa heshima. Na nyuma, kwenye nyumba za watumishi, kuna choo kilichozinduliwa mara mbili, utepe ukakatwa, bendi ikapiga, watoto wakaimba. Kilikuwa choo kizuri chenye mlango wa kupendeza, ila hakikuwa na shimo, kwa sababu fungu la shimo lilipita mezani kwanza. Watumishi na familia zao wakaendelea kujisaidia kwenye migomba, mawaziri nao walikatiza hapo hapo kila siku wakienda kikaoni, na udongo ule wenye unyevunyevu ulikuwa na wakazi wake. Watu wa nje walijiuliza kwa nini Baraza la nchi ile linasinzia sana. Wengine walisema ni uzito wa mawazo.

* * *

Mkuu mwenyewe, Mtukufu Baba Mlishi wa Taifa, alipenda mishikaki ambayo haijaiva. Aliwahi kusema katika hotuba kwamba kiongozi wa kweli hangoji moto, na tangu siku hiyo mpishi aliyeacha nyama ikakauka damu alihesabiwa kuwa mpinzani. (Kitwana, kwa kuwa aliipenda roho yake, alijifunza kuonja nyama ile kwa kulamba tu.)

Basi Mkuu akaanza kula. Alikula yake, akala ya mgeni wa kutoka nje, akala na maua ya karatasi yaliyopamba keki ya uhuru. Na jinsi alivyokula ndivyo alivyokonda. Suruali ikawa inashikiliwa na wasaidizi. Redio ya taifa ilitangaza kwamba Mkuu amekonda kwa sababu anajinyima ili wananchi washibe, na siku ile ile bei ya unga ikapanda. Wananchi wakasikiliza, wakatazama masufuria yao, wakanyamaza kwa adabu.

Aliyeitwa kumpima alikuwa Daktari Mwanahija Kisanji, bibi wa miraba minne ambaye kosa lake kubwa maishani lilikuwa kusema mambo kama yalivyo. Alimpima Mkuu, akaosha mikono, akaja mbele ya Baraza wakati wa chakula.

"Mkuu ana mnyoo tegu," akasema. "Ametokana na nyama mbichi. Amekaa tumboni mwake, kila anachokula Mkuu yeye anakila kwanza. Ninayo dawa yake hapa. Anameza leo, kesho mambo yamekwisha."

"Lete," akasema Mkuu, mkono keshaunyoosha.

"Samahani kidogo, Mtukufu." Aliyesimama alikuwa Profesa Ngwanda, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, mtu mwembamba ambaye hakuwahi kushindwa kesi kwa kuwa hakuwahi kuiruhusu ifike mahakamani. "Naomba kumuuliza Daktari swali la kisheria. Huyo mnyoo anakula nini?"

"Si nimesema? Anakula chakula cha Mkuu."

"Na chakula cha Mkuu kinatoka wapi?"

Daktari Mwanahija akatazama sinia. Watu wote wakatazama sinia.

"Ahaa," akasema Profesa, akaketi taratibu. "Basi anakula katika Sinia Kuu. Anakula humo kila siku, mbele ya mashahidi, kabla ya wengi wetu. Mtukufu, mimi sina chuki na dawa. Lakini mwenye kula katika Sinia hafukuzwi."

Midomo yote ya Baraza ikaacha kutafuna, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kila waziri alikumbuka lake. Waziri wa Mifugo, ambaye chanjo za ng'ombe wa nchi nzima ziliishia kwenye ghorofa lake la tatu, alikuwa wa kwanza kuona hatari. Akasimama na tonge mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Ndugu zangu," akasema, "leo tukimtoa mnyoo, kesho atatolewa nani?"

Makofi yaliyopigwa hapo yalirusha wali mpaka darini. Mkuu akajaribu kusema kwamba tumbo ni lake. Profesa akamkumbusha kwa unyenyekevu kwamba alipoapa aliutoa mwili wake wote kwa taifa, tumbo likiwemo. Mkuu akafikiri. Kisha njaa ikambana, akaomba aletewe pilau nyingine, na hoja ikapita. Kitwana Malembo naye alipiga makofi. Alipiga kwa nguvu kuliko wengi, kwani alisikia fununu kwamba Mwonjaji atapewa cheo cha Msaidizi wa Mjumbe.

Maana mnyoo alipewa cheo palepale: Mheshimiwa Mjumbe wa Kudumu.

* * *

Sheria ya Ulinzi wa Wenye Kukaa Ndani ilisomwa redioni na Waziri wa Afya, kwa sauti aliyozoea kutumia misibani.

"Ndugu wananchi! Kwa muda mrefu tumefundishwa kuwachukia viumbe ambao hawakutukosea. Nawauliza: mnyoo amewahi kugoma? Mnyoo amewahi kuandamana? Mnyoo amewahi kudai nyongeza ya mshahara? Anakaa, anakula, ananyamaza. Ni mwananchi gani kati yenu anayeweza kusimama akasema hivyo?"

Hakusimama hata mmoja. Dawa za minyoo zikakusanywa kutoka zahanati na shule, zikateketezwa uwanjani mbele ya bendi. Siku ya kuwapa watoto dawa ikafutwa, badala yake ikawekwa Siku ya Shukrani kwa Utumbo. Wale waliokuwa na kichocho waliambiwa wasikojoe damu hadharani, inachafua sura ya nchi. Kikaundwa Kikosi cha Afya Yenye Mashaka, vijana wenye tochi waliokwenda nyumba kwa nyumba wakiwafunua watu kope za chini na kuwatazama viganja. Mwenye viganja vyeupe aliandikiwa uzalendo. Mwenye viganja vyekundu aliulizwa amefanya nini.

Daktari Mwanahija hakufungwa, kwani nchi ile haifungi watu ovyo. Aliteuliwa kuwa Balozi katika kisiwa kisicho na watu, awasilishe hati zake kwa ndege wa huko.

* * *

Sasa hayo yote Kitwana aliyaona ni mambo ya serikali, na mambo ya serikali hayamfuati mtu nyumbani. Kumbe yalikuwa yamekwisha kufika kwake siku nyingi.

Alikuwa na mtoto mmoja, Chausiku, binti wa miaka minane aliyezaliwa baada ya yeye na mkewe kukata tamaa ya kupata mtoto. Mtoto huyu ndiye pekee aliyethubutu kukichukua kijiko cha fedha akakichezea mchanga. Siku za karibuni hakukichukua. Alikaa kwenye baraza la nyumba yao, akipanda ngazi moja anahema, uso umevimba, na Sikudhani, mke wa Kitwana, akimwacha kidogo tu alimkuta amekwangua udongo wa ukutani anautafuna.

Jioni moja Kitwana alirudi akiwa amebeba cheti chake kipya cha Msaidizi wa Mjumbe. Sikudhani hata hakukitazama.

"Baba Chausiku, wewe si bingwa wa kuonja? Njoo uonje na hili." Akamvuta mtoto, akamfunua kope ya chini. Ndani palikuwa peupe kabisa.

"Si amechoka tu, Mama Chausiku? Na jua hili."

"Amechoka! Mtoto wa miaka minane amechoka nini, amejenga reli? Ana safura huyu, na wewe unajua ana safura, na dawa yake mmeichoma moto mkiwa mnacheza ngoma."

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Huyo mnyoo wenu amepata cheo, wa mwanangu amepata damu. Nenda kamwambie Mjumbe mwenzako amrudishe mtoto wangu."

Kitwana alitaka kukasirika. Alijaribu, ikashindikana. Chausiku alikuwa amemlalia gotini, na uzito wake ulikuwa mdogo mno, na akahisi moyo wake mwepesi ukienda mbio kuliko wa kifaranga. Mwonjaji Mkuu wa Taifa akaogopa kwa mara ya kwanza kitu ambacho hakikuwa cheo.

Alivua joho akaenda kwa Daktari Mwanahija, akamkuta anafunga sanduku.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Kitwana. Una homa au una woga?"

"Vyote viwili. Ni mtoto."

Akamweleza. Daktari akasikiliza huku anakunja kanga. "Hao minyoo wa safura wamemwingia kwenye nyayo," akasema. "Mnakwenda peku kwenye kinyesi chenu wenyewe mnaita heshima. Wakishaingia wanapanda mpaka kwenye utumbo, wanajing'ang'aniza, wananyonya. Wa Mkuu anakula chakula, ndiyo maana Mkuu anakonda. Hawa wanakula damu. Ukiendelea kuwapigia makofi, mtoto anakwisha."

Kitwana akatazama mikono yake.

Daktari akatoa kwenye sanduku kopo la maziwa ya unga, ndani mna vidonge. "Hii nimeichanganya mwenyewe, inafukuza wa kila ukoo. Mpe mtoto. Kisha maharage, mboga za majani, ini ukilipata, na kiatu mguuni hata kama watakuona. Vitakavyobaki, utajua mwenyewe pa kuvipeleka. Mimi ndege wananisubiri."

* * *

Chausiku akapewa dawa na mama yake, mlango umefungwa. Akapona.

Na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mtoto mgonjwa katika nchi ile hakumsumbua mtu, lakini huyu alianza kuruka kamba. Akacheka kwa sauti. Akagombana na mtoto wa dereva akamshinda. Shuleni, siku ya mashindano ya mbio, wenzake wakatembea kwa heshima kama ilivyokuwa kawaida, wawili wakaketi njiani kupumzika, yeye akakimbia mpaka mwisho, akarudi kuwauliza wenzake wamepatwa na nini. Kijana wa Kikosi cha Afya Yenye Mashaka aliyekuwepo alidondosha tochi.

Amri ikaja nyumbani kwa Kitwana ikiletwa na Afisa Itifaki mwenyewe, ambaye kwa aibu alitazama dari muda wote. Mtoto Chausiku binti Kitwana anatuhumiwa kuwafukuza wenye kukaa ndani. Ataletwa mbele ya Baraza kesho kutwa wakati wa chakula. Akipatikana na hatia, atarudishwa katika hali yake ya awali.

"Hali ya awali ndiyo nini?" akauliza Sikudhani.

"Ataketishwa kwenye migomba," akasema Afisa Itifaki, "mpaka awe mweupe."

Sikudhani akalia kilio ambacho majirani walikisikia wakafunga madirisha. Kitwana hakulia. Aliketi akalitazama kopo, na akafikiri kwa namna ambayo watu wa nchi ile tu wanaweza kufikiri. Kosa la mtoto wake ni kwamba yeye ni mzima peke yake. Mtu mmoja mzima anaonekana kutoka mbali. Dawa ni kuhakikisha kwamba watakaomhukumu nao wamekuwa wazima, na hapo hatakuwepo wa kumshangaa.

Baraza lilikuwa katika kikao cha bajeti, na wakati wa bajeti mawaziri hulala papo hapo Ikulu wasije wakakosa mlo. Siku iliyotangulia kesi, Kitwana aliingia jikoni akasema anataka kuukagua mchuzi kwa faragha. Wapishi wakatoka. Akamimina vidonge kwenye kinu, akatwanga. Akabakiza vichache ndani ya kopo, akalitia mfukoni mwa joho, kisha akakoroga.

Ukumbini alichota mbele ya wote. Mchuzi ulikuwa na uchungu wa wazi. Akatafuna, akafumba macho, na kwenye giza la macho yake akamwona Chausiku amekaa kwenye migomba. Akameza.

"Chakula," akasema, "leo kina adabu zaidi!"

Wakala. Waziri wa Mifugo alisema mchuzi una ladha ya ng'ambo, akaongeza.

* * *

Asubuhi iliyofuata Ikulu iliamka mapema kuliko kawaida, na iliamka yote kwa pamoja. Choo chenye shimo kilikuwa kimoja tu, cha Mkuu, na Mkuu mwenyewe alikuwa ndani. Mawaziri wakapanga foleni kwa kufuata vyeo. Waziri wa Fedha akadai yuko juu ya Waziri wa Ulinzi, Waziri wa Ulinzi akasema suala lake ni la dharura ya kitaifa, Afisa Itifaki akakimbia kutafuta kanuni, akageuka njiani, akaelekea kwingine. Watu wanne walivamia choo cha watumishi wakakumbuka wao ndio waliokula shimo lake. Profesa Ngwanda alisimama wima, mikono nyuma, akisema hakuna kifungu kinachoruhusu haraka, kisha akakata kuelekea migombani bila kukamilisha sentensi.

Mkuu akatoka chooni akiwa mwepesi, ametokwa na jasho, anatabasamu asijue kwa nini. Nyuma yake, kwenye beseni lililobebwa na msaidizi, alikuwa Mheshimiwa Mjumbe wa Kudumu, mrefu kuliko hotuba ya bajeti, na amekufa.

Bendera ikashushwa nusu mlingoti. Redio ikapiga kwaya. Na mchana, sinia lilipoletwa na Kitwana alipokwisha kuonja, Chausiku akaingizwa ukumbini, amevaa gauni la sikukuu, mama yake ameachwa mlangoni akizuiwa na askari.

"Huyu ndiye aliyeanza," akasema Profesa Ngwanda, akimwonyesha kwa mfupa wa kuku. "Alianza kwa kuwafukuza wa kwake. Leo Mjumbe ameuawa. Mkono ni ule ule. Sheria ya mtu aliyemuua Mjumbe ni kitanzi, na kwa kuwa ni mtoto, naomba kitanzi kiwe kidogo."

Chausiku akamtafuta baba yake kwa macho. Alimtazama kama anavyotazama mtoto anayejua kwamba mkubwa yupo.

Kijiko cha fedha kikaanguka chini.

"Ni mimi," akasema Kitwana. Hakukiokota. "Mtoto nilimpa mimi. Mjumbe nimemuua mimi, na nyinyi wote jana nimewapa dawa. Mwacheni mwanangu. Ninyongeni mimi."

"Anyongwe!" wakapiga kelele mawaziri, na walipopiga kelele wakashangaa jinsi sauti zao zilivyokuwa na nguvu.

"Anyongwe," akakubali Profesa. Rangi ikamtoka, ile kidogo iliyoanza kumrudia. "Hapana. Ngojeni. Huyu hanyongwi."

"Kwa nini?"

"Amekula katika Sinia," akasema Profesa kwa uchungu. "Kila siku. Kabla yetu sote."

Waziri wa Mifugo alijishika kichwa. Wakatazamana. Kila mmoja alitamani kumwona Kitwana ananing'inia, na kila mmoja aliona kamba hiyo ikimalizana na Kitwana itatafuta shingo nyingine.

"Basi tumchukue mtoto," akasema Waziri wa Afya. "Huyo hajala."

Askari wakamsogelea. Mlangoni Sikudhani akapiga yowe.

Sasa Mkuu, muda wote huo, hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama tonge mkononi mwake. Alikuwa amekula matonge machache, kisha kitu cha ajabu kikamtokea.

"Jamani," akasema, "nina hali siielewi. Natazama wali, mkono hautaki. Chakula kipo mbele yangu nami sikitamani. Ni ugonjwa gani huu?"

Mawaziri wakapatwa na hofu. Mmoja akasema ni kiharusi. Mwingine akasema ni uchungu wa msiba wa Mjumbe. Mkuu akasukuma wali wake pembeni mwa sinia, akamwona Chausiku amesimama anautazama kwa macho ya mtoto ambaye hakupewa chai asubuhi.

"Wewe mtoto, njoo ule hapa kwangu. Wali huu unaharibika bure."

"Mtukufu, hapana!" Profesa alijitupa juu ya meza, mikono yote miwili imetanuka kulifunika sinia, tai ikazama kwenye mchuzi. Lakini Profesa ni mwembamba na sinia ni pana. Chausiku akapita chini ya kwapa lake, akanawa kwenye bakuli kama alivyofundishwa kwao, akasema bismillahi, akamega tonge akala. Akamega jingine. Akala kipande cha ini. Askari wakarudi nyuma, kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa nyumbani.

Mawaziri wakangoja. Walijua mtu akishalifikia sinia inakuwaje. Walingoja aingize mkono wa pili, ajaze mifuko ya gauni, awaite shemeji zake. Chausiku akalamba vidole, akasogeza wali uliobaki kwa mwenzake wa karibu.

"Nimeshiba," akasema.

Neno hilo halikuwahi kutamkwa katika ukumbi ule. Waziri wa Fedha akamgeukia jirani yake kuuliza limetoka lugha gani. Afisa Itifaki hakujua kama lipigiwe saluti.

"Ndiyo hiyo!" Mkuu akaruka kwenye kiti. "Hiyo hiyo ndiyo niliyonayo mimi! Rudia, mtoto."

"Nimeshiba, babu."

"Nimeshiba," akasema Mkuu polepole, akilionja neno lenyewe. Akashika tumbo lake. Alionekana mzee, na mwenye furaha, na kidogo mwenye aibu. Kisha akalitazama sinia. Yeye alikuwa ameacha kula, mtoto ameacha kula, na Mjumbe alikuwa amelala kwenye beseni chini ya bendera. Hata hivyo wali ulikuwa unakwenda. Ulikuwa unapungua pande zote, kimyakimya, huku mawaziri wakimtazama Mkuu usoni kwa majonzi na mikono yao ikifanya kazi bila kusimamiwa.

"Mwonjaji," akasema Mkuu.

"Naam, Mtukufu."

"Mnyoo si ametoka?"

"Ametoka, Mtukufu."

"Mbona sinia linakwisha vilevile?"

Mikono yote ikasimama. Kitwana Malembo akamvuta mwanawe karibu, akahisi moyo wake ukipiga taratibu, moyo wa mtoto mwenye damu. Akatia mkono mfukoni mwa joho, akatoa kopo la maziwa ya unga, akalitikisa. Vidonge vikagonga bati.

"Vimebaki kidogo, Mtukufu," akasema.

Habari zangu mimi zinaishia hapo, aliyenisimulia alikuwa anakimbilia basi. Alichonidokeza tu ni kwamba choo cha watumishi kimezinduliwa tena mara ya tatu, utepe ukakatwa, bendi ikapiga. Safari hii kina shimo, na aliyelichimba, peku, tai imetupwa begani, ni Profesa.